Sekunde 168 za mbio: namna ninavyotunga ngoma za filamu ya bunilizi ya sayansi

Kijana aliyeiongoza filamu ile alinitumia tukio lenyewe saa tano za usiku. Faili moja ya video na maneno machache: "Dada, hapa nataka watu washindwe kukaa." Urefu wake dakika 2 na sekunde 48. Msichana anakimbia juu ya mapaa ya mji wa bandari uliozama nusu, miaka mingi ijayo, na mashine tatu za miguu minne zinamfukuza. Chini ya picha alikuwa ameshaweka muziki wa kuazima kutoka filamu kubwa ya Marekani, ili nielewe anachokitaka.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuuzima muziki ule. Nakusihi na wewe uuzime. Ukiusikiliza mara tatu tu, masikio yako yatakuwa yameshaamua kasi, rangi ya sauti, hata mahali pa kuvuta pumzi, na utakachotunga baada ya hapo kitakuwa kivuli cha kazi ya mtu. Itazame picha kimya kimya, mkono juu ya goti, piga taratibu, halafu angalia mkono wenyewe unataka kwenda mbio kiasi gani.

Mimi mdundo nimeujulia kwenye rika, ile tari ndogo ya vishaba, na dumbak, nikikaa nyuma ya wapiga fidla katika kikundi cha tarabu hapa Unguja. Mambo ya elektroniki nilijifunza ukubwani, kwa laptopu na hedifoni. Kwa hiyo njia nitakayoieleza ni ya mtu aliyetoka kwenye ngoma kwenda kwenye kompyuta. Nitalifuata tukio hili moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndani yake mna karibu kila tatizo utakalokutana nalo.

Hesabu fremu kwanza

Filamu ya sinema huenda fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Mara sekunde 60, unapata 1440. Iandike namba hiyo ukutani. Ukiigawa kwa kasi ya muziki, yaani mapigo kwa dakika, unajua pigo moja linakula fremu ngapi. Kasi ya 120 ni fremu 12, ya 96 ni fremu 15, ya 90 ni 16, ya 160 ni 9. Kama filamu imepigwa kwa fremu 25, ilivyo kawaida ya televisheni huku kwetu, namba yako ni 1500: kasi ya 125 itakupa fremu 12, na ya 150 itakupa 10. Tafuta kasi inayotoa namba kamili. Pigo lako likiwa la fremu 10, mhariri akiondoa fremu 20 wiki ijayo, na ataziondoa, utajua papo hapo kwamba umepoteza mapigo mawili kamili, na utashona bila kulia.

Kisha hesabu miguu. Nilisogeza picha fremu moja moja nikaona msichana anakanyaga kila baada ya fremu 8, yaani hatua 180 kwa dakika. Kishawishi cha kila mtu ni kuiweka ngoma kwenye 180. Nilijaribu, na papo hapo akaonekana anacheza muziki wangu badala ya kukimbia kifo. Ngoma iliyofungwa kwenye kila hatua humpa mtazamaji uhakika, na mtu anayefukuzwa hana uhakika wowote.

Nikachagua 144, fremu 10 kwa pigo. Hatua zake fremu 8, ngoma yangu fremu 10: vinakutana kila baada ya fremu 40, hatua tano kwa mapigo manne. Katika kila mizani ya mapigo manne, unyayo na ngoma vinaanguka pamoja mara moja tu, halafu vinaachana tena. Mtazamaji hajui kwa nini kifua kinambana, lakini mwili wake unajua. Aliyekulia kwenye ngoma za pwani, ambako mbili na tatu hupigwa kwa pamoja na watoto wanazisikia kabla hawajaenda skuli, hili halihitaji kufundishwa. Anahitaji tu kuliamini mbele ya kompyuta, kwa sababu kompyuta itamwonyesha mistari iliyonyooka na kumshawishi kwamba kila kitu lazima kikae juu yake.

Baada ya kasi, tafuta mahali pa kugonga. Katika sekunde zile 168 niliorodhesha matukio 23 yanayoweza kugongwa na muziki: mlango, kuruka, kioo, risasi, mkono kushika ukingo. Nilibakisha matano. Ukigonga yote 23 unatengeneza muziki wa katuni.

Hapa ndipo hesabu inapolipa. Lango la chuma linaanguka kwenye sekunde ya 41 na fremu 8, yaani fremu ya 992. Muziki ukianza fremu ya sifuri, pigo la 100 linatua fremu ya 990. Nimekosa kwa fremu mbili, kama elfu 83 za sekunde (yaani sehemu 83 za sekunde iliyogawanywa mara elfu). Kubadili kasi kwa ajili hiyo ni kuivuruga kazi yote, kwa hiyo niliuanzisha muziki wote fremu mbili baadaye, basi. Pigo lile lilikuwa la nne katika mizani yake, si la kwanza, na nikaliacha hivyo hivyo: lango linaanguka kwenye pigo la nne, na pigo la kwanza linalofuata, ambalo kila sikio linalingojea, nikaliacha tupu.

Shabaha ya pili ilikuwa mashine kubwa inapotua juu ya paa, dakika ya 2, sekunde ya 10 na fremu 22. Ni fremu ya 3142, na kwa mwanzo wangu mpya hapo ndipo hasa linapotua pigo la 315. Ila pigo hilo lilikuwa la tatu katika mizani ya 79, na kwa uzito ule nililitaka liwe la kwanza. Nikaikata mizani ya 78 ibaki na mapigo mawili. Mashine ikatua kwenye pigo la kwanza la mizani ya 80, na mkato ule kabla yake unamfanya mtu ahisi ardhi imevutwa chini ya miguu yake. Sehemu zilizobaki zilikosea kwa fremu moja hivi, na sikuzigusa. Kwa jicho langu, sauti inayochelewa fremu moja nyuma ya picha inakubalika. Inayowahi ndiyo inayoonekana kosa.

Nani anapiga chini

Watu wengi wakianza kutunga ngoma za filamu ya mapigano huweka kila kitu kikubwa kwa wakati mmoja: ngoma kubwa za Kijapani, ngoma ya besi ya okestra, mdundo wa elektroniki, mlipuko. Matokeo yake ni ukungu. Kila pigo lazima liwe na nyumba yake, na katika nyumba ya chini kabisa, kati ya Hz 40 na 80 (mitikisiko ya sauti kwa sekunde), anakaa mpangaji mmoja tu kwa wakati mmoja.

Sababu yake inaonekana kwa hesabu ndogo. Wimbi la Hz 50 huchukua elfu 20 za sekunde kupanda, kushuka na kurudi lilikoanzia. Ukiwa na vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, na mdundo wa elektroniki, vyote viwili karibu na Hz 50, na kimoja kimechelewa elfu 10 za sekunde tu, kimoja kinapanda mwenziwe anaposhuka. Vinafutana. Umeweka ngoma mbili, umepata nusu ya ngoma, na unabaki kuongeza sauti bila kuelewa tatizo liko wapi. Dawa yake: chagua mmoja atawale chini. Mwingine mkate kwa kichujio kila kilicho chini ya Hz 90, umwachie ngozi na mbao zake. Kwenye tukio hili mdundo wa elektroniki ulishika chini muda wote wa mbio, na vumi niliyoirekodi ikapewa chini mara moja tu, mashine ilipotua.

Mpangilio wa ngoma zenyewe niliufikiria kwa kuwatazama wapiga ngoma wa Burundi, wale wa ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Wana ngoma ya katikati, inkiranya, inayoongoza. Wana amashakwe zinazoshikilia mdundo usiobadilika, na ibishikizo zinazoifuata ile ya katikati. Watu wengi wanapiga kwa nguvu zao zote na bado unasikia kila kundi linasema nini, kwa sababu kazi zimegawanywa. Nami niligawa hivyo hivyo. Kundi moja la ngoma halibadiliki hata kidogo kuanzia mizani ya kwanza. Ngoma moja inazungumza, na ndiyo inayojua picha. Kundi la tatu linamjibu huyo tu. Ukitaka tukio lipande joto, usiongeze ngoma. Mpe anayezungumza maneno mengi zaidi.

Vyuma vya nyumbani

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayotaka uipe muda wako.

Sampuli za kununua zipo, nami ninazo. Lakini zile zile wanazo maelfu ya watunzi, na sikio la mtazamaji limeshazizoea hata kama hajui. Mlio wa chuma unaojulikana duniani kote kutoka The Terminator ya mwaka 1984, Brad Fiedel aliupata kwa kupiga kikaango mbele ya maikrofoni. Jerry Goldsmith naye alitumia mabakuli ya chuma ya jikoni katika okestra ya Planet of the Apes, mwaka 1968. Hawa walikuwa na studio za Hollywood, na bado waliingia jikoni.

Mimi nilikwenda gereji ya jirani nikaomba dramu ya breki ya lori iliyokwisha kazi. Fundi alinipa mbili pamoja na springi iliyokatika. Nyumbani nilikuwa na sinia la shaba, kinu na mchi, debe, na upatu wa zamani wa mama. Dramu ukiiweka sakafuni haisemi kitu. Ining'inize kwa kamba ya katani ili iwe huru, nayo italia kama kengele, kwa sekunde nyingi. Ukitaka pigo fupi na kavu, ilaze juu ya sponji. Rekodi zote mbili.

Rekodi usiku. Mimi hungoja saa saba, bodaboda zimelala na adhana ya alfajiri bado iko mbali. Zima friji na feni. Umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wa friji unakaa hapo hapo ngoma yako ya chini itakapokaa. Ukiurekodi, umeshaharibu kabla hujaanza. Maikrofoni iweke umbali wa mkono mmoja hivi, isiangalie katikati ya chuma bali ukingoni. Sauti yako kubwa kabisa ibaki desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu chuma huruka ghafla kuliko mita inavyoonyesha.

Piga kwa vitu mbalimbali: nyundo, mchi mtupu, mchi uliofungwa kanga kuukuu, kijiti cha mfagio. Kwa kila kimoja, piga nguvu nne, kutoka ndogo hadi kubwa, na kila nguvu irudie mara tano. Ukiwa na pigo moja tu na kompyuta ikalirudia mara mia, mtu ataisikia mashine ya cherehani. Ukiwa na matano yanayofanana bila kuwa sawasawa, atasikia mkono.

Kama saundikadi yako inaweza, rekodi kwa 96 kHz, yaani vipimo 96,000 vya sauti kwa sekunde. Utazishusha sauti hizi chini, na ukishusha oktava moja masafa yote hugawanyika kwa mbili. Rekodi ya 48 kHz inaishia 24 kHz, na ikishushwa inabaki na 12 tu, nayo husikika kama imefunikwa blanketi. Ya 96 inabaki na hewa.

Kinu ndicho kilichonishangaza. Pigo la mchi kwenye kinu kitupu, likishushwa oktava moja, linakuwa refu mara mbili na lina tumbo kama mlango wa ghala. Nikaliongezea mkwaruzo kidogo wa elektroniki, nikalipa rivabu, yaani mwangwi, ya ukumbi mkubwa, nikaikata ile rivabu ghafla baada ya fremu 10, pigo moja kamili. Ikawa hatua ya mashine. Kijana mwongozaji aliponiuliza sauti ile nimeinunua wapi, nilimwita jikoni nikamwonyesha.

Mpwito wa elektroniki

Chini ya ngoma niliweka sinthesaiza inayopiga noti nne katika kila pigo. Kwa kasi ya 144, noti moja ni elfu 104 za sekunde. Ianze imefumbwa: kichujio kwenye Hz 200, husikii noti, unasikia kitu kinahema. Ukifungue polepole kwa mizani 16, kama sekunde 27, mpaka Hz 2000. Mtazamaji hataona mkono wako, ila atahisi jambo linakaribia.

Mpwito na mdundo wa chini vikigongana, weka kompresa, kifaa kinachoshusha sauti chenyewe, juu ya mpwito isikilize mdundo: kila mdundo unapotua, mpwito ushuke desibeli 4 hivi na urudi ndani ya elfu 120 za sekunde. Usizidishe. Ukizidisha, filamu inakuwa disko.

Na singeli imenifundisha jambo ambalo sijaliona kwenye mafunzo yoyote ya muziki wa filamu. Vijana wa uswahilini Dar es Salaam wanatengeneza singeli kwenye kompyuta za kawaida kabisa, kwa kasi ya kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na watu wanacheza. Kasi ya 144 ukiizidisha mara mbili ni 288, imo ndani ya singeli. Kwa hiyo vyuma vidogo na vikayamba vyangu vya juu niliviandika kama singeli, kwa 288. Ngoma za katikati zikaenda 144. Okestra ikaenda 72, noti ndefu zinazotembea kwa fremu 20. Kasi tatu, kipimo kimoja. Picha inapokuwa pana, mashine zinaonekana mbali, naondoa tabaka la juu na mtu anadhani muziki umepunguza mwendo. Haukupunguza. Picha inaporudi karibu na uso wa msichana, singeli inarudi, na hakuna aliyegusa kasi hata kidogo.

Okestra, na fidla za kweli

Okestra nzima ya watu 80 sinayo. Nina sampuli za okestra, na nina jambo ambalo watunzi wengi hawana: mji wenye wapiga fidla. Vikundi vya tarabu viko: Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kilianza kufundisha Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Popote ulipo, angalia waliokuzunguka wanapiga nini kabla hujafungua maktaba ya sampuli.

Anza na sampuli ili kujua umbo. Nyuzi fupi fupi, noti mbili tatu zinazojirudia, ndizo injini ya okestra katika mbio. Nyuzi ndefu za sampuli huchelewa kuamka. Kila noti ina mpando wake. Zianzishe mapema kwa kama elfu 60 hadi 100 za sekunde mpaka zionekane zinatua na ngoma. Chini ya Do ya Hz 130 usirundike sauti: Sol na Re peke yake, oktava na tano. Ukiweka noti ya katikati huko chini, matromboni yanageuka matope na ngoma zako zote zinazama humo.

Ufunguo nao una sababu. Nilichagua Sol kwa ajili ya besi: Sol ya chini ni Hz 49. Ningeshuka hadi Do ningepata Hz 33, sauti ambayo spika nyingi haziwezi kuitoa.

Kisha niliwaita wapiga fidla watatu na mmoja wa selo. Kila kifungu tulikirekodi mara nne, na kila mara wakabadilishana viti, nikasogeza maikrofoni, wawili wakabadilishana vyombo. Fidla tatu mara nne ni kumi na mbili, na kwa kuwa kila safari chumba kilikuwa kingine, zilisikika watu kumi na wawili. Ukiwaacha pale pale, unapata watu watatu wenye sauti kubwa.

Mkubwa wao, mzee aliyenijua tangu nabeba rika, alipiga zile noti fupi mizani nane, akashusha upinde.

"Mwanangu, huyu mtu wako anakohoa au anaimba?"

"Anakimbia, Mzee."

"Basi akikimbia haoni kitu? Hakumbuki kitu?"

Nilikaa na swali lake siku mbili. Nilikuwa nimetunga sekunde 168 za mashine na sekunde sifuri za msichana. Noti zile fupi niliziachia sampuli, ambazo haziogopi kurudia, na yeye nikamwomba apige mstari mmoja mrefu juu ya kila kitu, katika Bayati, mojawapo ya makamu za muziki wa Kiarabu tunazozitumia kwenye tarabu. Katika Bayati ya Sol, noti ya pili, La, inashuka robo toni: haiko kwenye kinanda. Okestra ya sampuli na sinthesaiza havina noti hiyo, na vikipiga La ya kawaida chini yake masikio yanachanika. Una njia mbili. Ama kwenye programu yako ishushe kila La ya sinthesaiza kwa senti 50, ndiyo robo toni, au hakikisha hakuna chombo kingine kinachoigusa La fidla inapopita hapo. Nilichukua ya pili. Mstari ule ulipofika kwenye La, kila kitu kilikuwa kimempisha, na ni hapo kwa mara ya kwanza nilimwogopea yule msichana.

Kwa hiyo nakushauri, kabla hujaongeza ngoma ya kumi, jiulize anayekimbia ana sauti gani.

Kupisha

Muziki hauko peke yake. Kuna maneno, na kuna sauti za vitendo: injini, risasi, vioo. Mwombe anayezitengeneza akupe orodha kabla hujamaliza. Injini za zile mashine zilikuwa zinavuma kati ya Hz 80 na 200, mahali pale pale pa ngoma zangu za katikati. Tukaketi pamoja na karatasi, tukagawana: sekunde ya 20 hadi 38 chini ni yangu, ya 38 hadi 45 ni yake. Mlipuko wake ulipokaribia, nilinyamaza kabisa fremu 12 kabla. Nusu sekunde ya ukimya iliufanya mlipuko uwe mkubwa kuliko ngoma yoyote ambayo ningeiweka.

Maneno ya mtu hueleweka zaidi kwa sauti za kati ya Hz 1000 na 4000, na ndiko vyuma vinakopenda kulia. Msichana ana maneno matatu tu katika tukio zima. Hapo nilitoa vyuma vyote, nikabakisha mpwito na mdundo wa chini. Nilipunguza nyuzi kwenye Hz 2000 kwa desibeli 3, na ikatosha.

Ipeleke mahali watu wanapotazama

Hedifoni zilinidanganya. Nilivuka kwenda Dar na mchanganyiko wangu, nikamwomba mwenye kibanda umiza kimoja Temeke aniruhusu kuucheza kabla ya sinema ya jioni. Spika mbili juu ya ukuta wa mabati, feni, watu arobaini hivi. Mdundo wangu wa chini ulipotea kabisa. Tukio lilibaki vyuma na mpwito, kama mtu amevuliwa mifupa. Na katika vibanda vile mara nyingi yupo mtu wa kutafsiri sinema kwa sauti yake, anazungumza juu ya kila kitu, kwa hiyo nafasi ya maneno ni jambo zito kuliko nilivyodhani.

Sikuongeza besi, spika isiyoweza haitaweza hata ukiongeza. Niliupa mdundo wa Hz 49 mkwaruzo kidogo, ambao huzalisha sauti za juu yake: 98, 147, 196. Spika ndogo inazitoa hizo, na sikio likizisikia pamoja linaijenga lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Niliporudi wiki iliyofuata, mtoto mmoja aliyekaa mbele alikuwa anapiga goti lake. Si kwa kufuata hatua za msichana. Alikuwa anafuata 144.

Jaribu pia kwenye simu, ukiishika mkononi, bila hedifoni. Watu wengi wataiona huko.

Kukabidhi

Usipeleke faili moja. Peleka makundi: ngoma za chini, ngoma za ngozi, vyuma, elektroniki, nyuzi, vyombo vya shaba vya kupuliza, na fidla ya pekee. Zote 48 kHz, biti 24, zote zianze fremu moja, hata ile yenye ukimya dakika nzima, ili mhandisi aziweke kwenye mstari zote kwa pamoja bila kutafuta. Andika kasi na fremu ya mwanzo ndani ya jina la faili. Mizani iliyokatwa itaje kwenye barua.

Usizibane. Kazi moja ya nyuma niliipeleka imebanwa mpaka juu, kwa kuhofia itasikika ndogo; mhandisi hakuwa na la kufanya ila kuishusha yote, na kila pigo lililopaswa kushtua likawa sawa na jirani yake. Televisheni nyingi hufuata kipimo cha LUFS, yaani ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, 23 chini ya kikomo kwa programu nzima, na kuifikisha hapo ni kazi ya mchanganyiko wa mwisho, si yako. Wewe mwachie nafasi.

Na mwisho wa kila faili acha sekunde nne za ziada baada ya picha kukatika, vyuma vimalize kulia vyenyewe. Kwenye tukio letu kila kitu kinakoma kwenye fremu ya 4032, msichana yupo hewani kati ya mapaa mawili, skrini nyeusi. Dramu ya breki iliyoning'inizwa kwa katani inaendelea kulia, na fidla ya Mzee ipo juu yake, bado haijashuka kutoka kwenye La.